Somo la Leo: Samaki, Konokono na Majani Ndani ya Kioo

Leo tutazungumza habari za tangi la kioo la kufugia samaki, na jinsi watu walivyojifunza kulitengeneza.

Kufuga samaki si jambo jipya. Wachina walifuga samaki wa rangi ya dhahabu katika madimbwi na vyombo vya udongo kwa karne nyingi. Lakini mtu aliyeweka samaki katika chombo kidogo alikuwa na taabu moja. Ilimpasa kubadili maji mara kwa mara. Akisahau, samaki walipanda juu wakitweta, kisha wakafa. Kwa nini? Maji yalikuwapo, na chakula kilikuwapo.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1779. Mwaka huo daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha kwamba majani mabichi yakipata mwanga hutoa hewa safi, ile tuiitayo oksijeni. Samaki naye huvuta oksijeni iliyomo ndani ya maji. Ikiisha, hufa.

Sasa twende London, mwaka 1849. Bwana Robert Warington, mtaalamu wa kemia, alitwaa chombo cha kioo cha galani 12. Akatia mchanga, tope na mawe, akapanda majani ya majini, akaweka samaki wawili wadogo wa dhahabu. Alitaka kujua kama samaki wataweza kuishi kwa hewa ya majani yale, bila maji kubadilishwa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Halafu majani makuukuu yakaanza kuoza. Maji yakachafuka, na kioo kikafunikwa na utando wa kijani. Samaki walikuwa hatarini. Mtu mwingine angemwaga maji yote na kuanza upya. Bwana Warington hakufanya hivyo. Katika bwawa, ni nani aondoaye majani yaliyooza? Ni konokono. Basi akatia konokono wachache. Wakala uchafu ule, na maji yakatakata. Tena konokono walitaga mayai mengi, na mayai hayo yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 aliandika habari hizo ili wataalamu wenzake wazisome.

Tazameni basi. Samaki na majani, hao wawili tu, hawakutosha. Alitakiwa wa tatu, yaani msafishaji. Konokono, ambaye watu wengi hawamjali, ndiye aliyeiokoa nyumba nzima.

Na yuko wa nne, asiyeonekana kwa macho. Mavi ya samaki hutoa sumu iitwayo amonia. Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky alieleza habari za vijidudu viigeuzavyo amonia, hata mwisho ikawa chumvi ambayo mimea huitumia kama mbolea. Vijidudu hivyo huongezeka polepole. Ndiyo sababu mfugaji mwenye busara huliacha tangi jipya majuma kadhaa, kisha huanza na wanyama wachache.

Katika miaka ya 1980, Mjapani Takashi Amano alitia kamba wadogo wa maji baridi katika matangi yenye mimea mingi, ili wale utando wa kijani. Konokono akapata msaidizi. Wafugaji pia hufunga juu ya jiwe, kwa uzi, mimea laini mfano wa ile iotayo kama zulia juu ya mawe yenye unyevu. Kamba wadogo hujificha humo na kupata chakula.

Lakini kamba mkubwa mwenye magando ni mwingine. Yeye hukata majani na kukamata samaki wadogo. Afadhali awe na tangi lake. Kenya inalijua jambo hili. Mwaka 1970 kamba wekundu wenye asili ya Marekani walitiwa katika Ziwa Naivasha, ili wavuliwe na kuuzwa. Wakazaana sana. Baadaye mimea iotayo ndani ya maji ikapungua mno, na wataalamu wanasema kamba hao ni sababu mojawapo. Tangi likiharibika, huweza kumwagwa na kuanzwa upya. Ziwa haliwezi. Kwa hiyo, ukichoka kufuga, usimtupe mnyama wako mtoni wala ziwani. Mpe mfugaji mwingine.

Sasa andikeni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Ingenhousz alionyesha nini mwaka 1779?
2. Kwa nini samaki na majani peke yao hawakutosha?
3. Taja kiumbe mmoja mdogo katika kijiji chako ambaye kazi yake haionekani. Asipokuwapo, kutatokea nini?

Zungumzeni swali la tatu pamoja na mwalimu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.