Injini za Kuazima: Kutoka Clapham hadi Abingdon

Ukitaka kufuata njia waliyopita mafundi waliotia injini kubwa ndani ya magari madogo ya spoti ya Kiingereza, anzia Clapham, kusini mwa London, alikokuwa Sydney Allard na gereji yake. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walikuwa hodari wa chesisi na bodi, ila injini zao nyingi zilikuwa ndogo. Kodi ya magari ilikuwa imepimwa kwa kipenyo cha silinda kwa miaka mingi, na kiwanda gani kitajitakia hasara? Marekani, kwa upande wake, ilikuwa na V8 za kumwaga. Allard akaziazima. Mwaka 1950, yeye na Tom Cole walishika nafasi ya tatu katika mbio za saa 24 za Le Mans, wakiwa na Allard J2 yenye injini ya Cadillac.

Miongoni mwa walioendesha Allard za Cadillac kule Marekani alikuwamo kijana wa Texas aliyewahi kufuga kuku, Carroll Shelby. Huyu ndiye anayetupeleka kituo cha pili.

Mwaka 1959 Shelby alishinda Le Mans na Roy Salvadori katika Aston Martin. Mwaka uliofuata moyo ulianza kumsumbua, akawa anaendesha mbio huku dawa iko chini ya ulimi, hadi akalazimika kustaafu. Wakati huohuo, kiwanda cha AC cha Thames Ditton, kando ya mto Thames, kilikuwa mashakani. Gari lao dogo, Ace, lilitumia injini ya Bristol ya lita mbili, na Bristol waliamua kuacha kuitengeneza. Shelby akawaandikia AC mwaka 1961: mnaonaje tukitia V8? Chevrolet walimkatalia injini, maana hawakutaka mshindani wa Corvette yao. Ford walikubali.

Siri ilikuwa kwenye uzito. Ford walikuwa wamejifunza kusubu chuma chenye kuta nyembamba, hivyo V8 yao mpya haikuzidi sana uzito wa injini iliyotolewa. Februari 1962 gari la kwanza, lililopewa jina Cobra, lilifika Los Angeles kwa ndege likiwa halina injini, likapelekwa gereji ya Dean Moon huko Santa Fe Springs. Inasemekana injini na gia viliingia kwa muda usiofika saa nane. Hadithi za gereji huongezwa chumvi, ila hii naiamini, kwa sababu kazi ngumu ilikuwa imeshafanywa Uingereza: chesisi imeimarishwa na difu imebadilishwa. Gari lilikuwa hilohilo moja, kwa hiyo Shelby alilipaka rangi mpya kila lilipokwenda kwa waandishi wengine, wadhani Cobra zimejaa ghalani. Mimi ningemwita tapeli, kama gari lenyewe lisingekuwa la kweli.

Rootes, wenye Sunbeam Alpine, waliona wivu. Ian Garrad, mtu wao wa California, alimtuma meneja wa huduma azunguke kwa wauza magari akipima injini kwa rula ya mbao. Ford V8 ya inchi za ujazo 260 ikaonekana itaingia, kwa taabu. Shelby akapewa kazi ya gari la majaribio mwaka 1963, na mwaka uliofuata Sunbeam Tiger likaanza kuundwa kwa Jensen, West Bromwich, likiwa na nguvu farasi 164, karibu mara mbili ya Alpine.

Hapo Jensen ndipo ningependa kusimama kidogo. Bodi zilifika zikiwa zimeshapakwa rangi, kisha fundi anashika nyundo kubwa na kuponda ukuta unaotenganisha injini na abiria, nafasi ipatikane. Boksi la usukani lilikuwa njiani, likaondolewa na kuwekwa usukani wa aina nyingine. Plagi moja ya nyuma haikufikika kabisa kutoka chini ya boneti. Ilibidi uing'oe kupitia tundu lililotobolewa kwenye ukuta huohuo na kuzibwa kwa mpira. Kisha Chrysler wakainunua Rootes, wakajikuta wanauza gari lenye injini ya mpinzani wao. Walipojaribu kutia ya kwao haikuenea, kwani distributa yake ilikaa nyuma. Mwaka 1967 Tiger likafa.

Mwaka huohuo MG wa Abingdon walitoa MGC, yenye injini ya silinda sita ya chuma. Pua ikawa nzito na waandishi wakaliponda.

Jibu lilikuwa limeshavuka bahari. Buick walikuwa wameacha V8 yao ya alumini baada ya 1963, na Rover wakanunua haki zake mwaka 1965. Wasomaji wetu wanaijua injini hiyo, kwani ndiyo iliyokuwa ikinguruma ndani ya Range Rover za zamani. Ken Costello, dereva wa mbio, aliitia ndani ya MGB, gari la MG lenye umbo kama la MGC, na pua haikulemewa. Boneti yake tu ndiyo iliyovimba ili kufunika kabureta. British Leyland, wenye MG, walilitazama gari lake, kisha mwaka 1973 wakatoa la kwao, MGB GT V8, kabureta zikisogezwa nyuma ili boneti ya kawaida ifunge. Walitengeneza magari 2,591 tu, wakaacha mwaka 1976. Kwa maoni yangu, ndilo bora kuliko yote katika njia hii, ingawa Cobra ndiyo yenye jina.

Ukipata nafasi ya kununua mojawapo, usikubali kwanza muuzaji akuwashie injini. Inama uangalie breki, difu na rejeta.