Kuporomoka kwa maduara ya dhahabu

Kuporomoka kwa duara ni ajali ya kubomoka kwa kuta au paa la shimo la dhahabu na kuwafukia waliomo. Ni miongoni mwa hatari kubwa zinazowakabili wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga. Duara hushuka wima, kisha hupinda kuufuata mkanda wa dhahabu ndani ya mwamba.

Sababu na dalili

Udongo wa juu huzuiwa kwa matimba, yaani magogo yanayopangwa kuzunguka kuta kuanzia mdomoni hadi kwenye mwamba mgumu. Matimba yakioza, au mwenye duara akibania magogo ili kupunguza gharama, ukuta hukosa mhimili. Masika huzidisha balaa, kwani udongo ulioloa huwa mzito na hushikana kwa shida. Maduara yaliyosongamana nayo hutobokeana chini kwa chini. Wapo pia wanaochimba nguzo za mwamba zilizoachwa kubeba paa kwa sababu zina dhahabu. Mara nyingi duara hutoa dalili kabla ya kuanguka: nyufa mpya mdomoni, kokoto zinazodondoka zenyewe, magogo yanayolia.

Matukio

Aprili 2015, mvua kubwa ilibomoa machimbo ya Kalole, Kahama, na watu 19 wakafariki. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo, duara liliporomoka Nyangarata, pia Kahama. Watano waliokolewa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41 gizani, wakiwa wameishi kwa kula mizizi, magome na wadudu na kunywa maji yaliyochuruzika. Mmoja wao alifariki baadaye hospitalini. Januari 2017, wachimbaji 15 walionasa mgodini Nyarugusu, Geita, waliokolewa wote wakiwa hai baada ya takriban siku tatu.

Kinga

Usalama wa machimbo husimamiwa na Tume ya Madini kupitia maofisa madini wakazi wa mikoa, na shimo lisilo salama linaweza kufungwa. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kuwapo kila asubuhi watu wanaposhuka. Kwa hiyo matimba yakaguliwe kabla ya kila zamu, na kazi isimame mvua kubwa inaponyesha. Anayeona ufa mpya atoke na awatoe wenzake. Hakuna mwenye duara mwenye haki ya kuwarudisha chini kabla halijakaguliwa.