Mnyororo na gia: Vipimo muhimu kwa baiskeli kuukuu ya mbio

BAISKELI nyingi za mbio zilizoundwa miaka ya 1980 na 1990 zingali barabarani. Fremu zake za chuma hudumu, lakini gia zake zilikusudiwa vijana wenye misuli ya mashindano. Anayetaka kupanda nazo milima kama ule wa kutoka Bonde la Kerio hadi Iten, mji ulio takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, aghalabu hulazimika kuzibadilisha. Hapo ndipo makosa hutokea, kwani gia na mnyororo havitenganishwi.

Baiskeli ya aina hiyo kwa kawaida huwa na cheniwili mbili mbele, za meno 52 na 42, na sproketi za nyuma za meno 13 hadi 23. Gurudumu lake likizunguka mara moja husafiri takriban mita 2.1. Ili kupata umbali wa mzunguko mmoja wa pedali, gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, kisha zidisha kwa 2.1. Gia nyepesi zaidi, 42 kwa 23, hutoa mita 3.8. Anayepanda mlima kwa kasi ya kilomita 9 kwa saa atazungusha pedali mara 39 tu kwa dakika, mwendo unaoumiza magoti. Akitia sproketi ya meno 28 atazungusha mara 48. Akiongezea cheniwili ya meno 34, atafikia mara 59.

Hata hivyo, si kila kitu hukubaliana na fremu ya zamani. Mkono wa pedali ambao bolti zake za cheniwili zimepangwa katika duara la kipenyo cha milimita 130 haupokei cheniwili ya chini ya meno 38. Ule wa milimita 144 hukomea meno 41. Anayetaka meno 34 hutafuta mkono wa milimita 110.

Pili, kuna uwezo wa kibadilisha gia cha nyuma. Vingi vya mbio vya miaka hiyo vina mkono mfupi, navyo hukomea sproketi ya meno 26 au 28. Aidha, kila kimoja kina kikomo cha mnyororo kinachoweza kukunja. Ili kujua kiasi kinachohitajika, toa meno ya cheniwili ndogo kwenye kubwa, toa ya sproketi ndogo kwenye kubwa, kisha jumlisha. Kwa 52 na 42 mbele, na 13 hadi 28 nyuma, jibu ni 25. Kwa 50 na 34 mbele, ni 31, na hapo kibadilisha gia cha mkono mrefu huhitajika.

Baada ya hayo ndipo mnyororo hukatwa. Kila pingili ina urefu wa nusu inchi, na kwa kuwa pingili nyembamba na pana hupishana, idadi yake sharti iwe shufwa. Njia ya kuaminika ni kuzungusha mnyororo kwenye cheniwili kubwa na sproketi kubwa bila kuupitisha kwenye kibadilisha gia, kuukaza hadi mahali pa karibu unapoweza kuunganika, kisha kuongeza pingili mbili.

Hesabu huthibitisha jambo hilo. Chukua umbali kati ya ekseli ya pedali na ya gurudumu la nyuma kwa inchi, zidisha kwa mbili, ongeza robo ya meno ya cheniwili kubwa, robo ya meno ya sproketi kubwa, na inchi moja. Umbali ukiwa inchi 15.9, meno 52 kwa 23 huhitaji inchi 52, yaani pingili 104. Sproketi ya meno 28 huhitaji 106.

Tofauti hiyo ndogo ina uzito. Mnyororo wa pingili 104 ukiingia kwenye meno 52 na 28 kwa pamoja hukazika kama kamba ya upinde. Unaweza kung'oa kibadilisha gia, kukitupa kwenye spoki na kumwangusha mwendeshaji. Ukiwa mrefu mno, nao hulegea kwenye gia ndogo na kuchomoka.

Mnyororo mpya usikatwe kwa kuulinganisha na mkuukuu uliorefuka, hesabu pingili. Pingili 24 za mnyororo mpya ni milimita 304.8. Zikifika 306.4 ni wakati wa kuubadilisha, na zikifika 308 huenda sproketi nazo zimekwisha kulika. Isitoshe, mnyororo wa gia 6, 7 au 8 za nyuma ni wa upana mmoja. Ule wa gia 10 au 11 ni mwembamba na haufai hapo.

Kabla ya kuingia barabarani, inua gurudumu la nyuma na ujaribu polepole gia zote, ukianza na kubwa kwa kubwa.