Maji huondoka, madini hubaki: Sufuria ya kuchemshia shira na jemu nyumbani

Katika tarafa ya Kanombe, wilayani Kicukiro, matunda hayakosekani sokoni. Kuna mananasi, marakuja na matunda damu, ambayo Wanyarwanda huyaita ibinyomoro. Msimu unapofurika na bei ikashuka, baadhi ya familia huyachemsha maji ya matunda hayo kwa sukari hadi yawe shira nzito au jemu, ili yahifadhike kwa miezi kadhaa. Wapo wanaofanya hivyo kwa matumizi ya nyumbani, na wapo wanaotarajia siku moja kuuza.

Swali la kwanza huwa juu ya kiasi cha sukari. Swali la pili, ambalo aghalabu husahaulika, ni la chombo. Sufuria inayofaa kwa wali au maharage si lazima iwafae watu wanaochemsha maji ya matunda kwa saa mbili.

Kwa nini chombo ni muhimu

Kutengeneza shira ni kazi ya kuyafukuza maji. Mfano unaofahamika zaidi duniani ni wa Kanada, hasa jimbo la Quebec, ambako watu huchemsha utomvu wa mti uitwao mepo. Takriban lita 40 za utomvu huhitajika kupata lita 1 ya shira. Zamani vyombo vya kazi hiyo vilitengenezwa kwa mabati yaliyopakwa zinki, na viungo vyake viliunganishwa kwa risasi. Baada ya kubainika kwamba risasi iliweza kuingia katika shira, watengenezaji wengi walihamia vyombo vya chuma cha pua, yaani kile kisichoshika kutu.

Funzo la Quebec linaifaa Kanombe pia. Maji hugeuka mvuke yakaondoka, lakini madini yaliyochujuka kutoka kwenye sufuria hayaondoki. Lita 4 za maji ya matunda zikipunguzwa hadi lita 1, kila kilichotoka kwenye chombo hukusanyika katika lita hiyo moja. Isitoshe, utomvu wa mepo hauna uchachu mwingi, ilhali marakuja, nanasi na matunda damu ni yenye asidi, na asidi ikipata moto huila metali kwa urahisi.

Alumini

Sufuria za alumini ndizo zilizoenea zaidi. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na husambaza moto vizuri, hivyo shira haiungui upesi mahali pamoja. Hata hivyo, asidi huondoa utando mwembamba unaoilinda metali hiyo, na chakula huweza kupata ladha ya chuma na rangi iliyofifia.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu, kama vile vipande vya injini na mabaki ya vifaa vya umeme. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, zikiwemo Kenya na Tanzania, na kuonyesha kwamba baadhi yake vilitoa risasi vilipochemshiwa kiowevu chenye uchachu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa miili yao hufyonza risasi nyingi kuliko ya watu wazima, na ubongo wao ungali unakua.

Aliye na sufuria za alumini pekee hana haja ya kuzitupa. Zinaweza kuendelea kupikia vyakula visivyo na uchachu, lakini zisitumiwe kupunguzia maji ya matunda, wala zisiachwe na maji hayo usiku kucha. Kuzisugua kwa nyuzi za chuma au mchanga hadi zing'ae huondoa ule utando unaozilinda.

Shaba, chuma na mabati

Shaba husambaza moto kuliko metali zote za jikoni. Ndiyo maana halua ya Oman hupikwa katika masufuria makubwa ya shaba, na Wafaransa huitumia kwa jemu. Lakini halua ni sukari, wanga na samli, haina uchachu wa marakuja. Shaba tupu isiyotiwa bati kwa ndani haifai kuguswa na chakula chenye asidi kwa muda mrefu, kwani shaba nyingi husababisha kichefuchefu na kutapika.

Chuma cha kawaida hakina sumu ya aina hiyo, ila huitia shira weusi na ladha ya kutu. Ndoo na mabeseni ya mabati yaliyopakwa zinki hayafai kabisa, kwa sababu asidi huyeyusha zinki, na mlaji huweza kuumwa tumbo na kutapika. Vyombo vilivyopakwa enameli ni vizuri maadamu utando wake ni mzima. Ukibanduka, chuma cha chini hujitokeza.

Chuma cha pua

Kwa maji ya matunda, chaguo lililo bora ni chuma cha pua. Alama ya 18/8 au 18/10 kwenye kitako humaanisha kwamba chombo kina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 au 10. Chombo kikiwa kipya huweza kutoa nikeli kidogo, kwa hiyo ni vema kwanza kuchemshia humo maji yenye siki mara kadhaa na kuyamwaga. Mwenye mzio wa nikeli anapaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Kasoro ya chuma hiki ni kwamba hakisambazi moto vizuri, hivyo shira huweza kuungua katikati. Dawa yake ni kununua sufuria yenye kitako kinene, ambacho ndani yake kimefichwa bamba la alumini lisilogusa chakula.

Anayemwagiza fundi amtengenezee chombo kikubwa zaidi amtake aunganishe kwa kuchomelea, bila risasi yoyote katika viungo.

Umbo na kipimo cha joto

Kugeuza lita 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke hudai nishati zaidi ya mara 7 ya ile iliyotumika kuyachemsha. Chombo kipana kisicho na kina kirefu, mfano wa karai, huachia mvuke haraka kuliko sufuria ndefu. Kazi inapokwisha mapema, gesi au makaa huokolewa, na shira haipotezi rangi na harufu yake.

Jambo la mwisho ni mwinuko. Kanombe iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo kwa nyuzi joto zipatazo 95, si 100. Maelekezo ya kigeni yanayosema jemu iepuliwe kwa nyuzi 104 au 105 yameandikwa kwa watu wa pwani. Anayeyafuata Kanombe atapata kitu kigumu kama peremende, au kilichoungua.

Njia iliyo sahihi ni kupima kwanza maji matupu yanayochemka, kisha kuongeza nyuzi 4 kwa shira ya aina ya mepo, au 4 hadi 5 kwa jemu. Kwa Kanombe, jemu huwa tayari ikifika nyuzi 99 au 100.

Anayekusudia kuuza anahitaji pia kufuata masharti ya Bodi ya Viwango ya Rwanda, RSB, na ya mamlaka ya chakula na dawa, Rwanda FDA. Lakini hata kwa chupa moja itakayobaki kabatini kwa ajili ya watoto, sufuria ndiyo ya kuchaguliwa kwanza, kabla ya tunda kumenywa.