Kisu cha Kericho hakikuanzia YouTube

Msee akitaka kuanza kutengeneza visu, swali la kwanza ni chuma gani, na jibu analitafuta Marekani. Anazitaja namba za chuma kama namba za jezi. Mimi nasema swali hilo lilijibiwa huku kwetu kitambo, na waliolijibu hatuwataji.

Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science kuhusu Wahaya, magharibi mwa Ziwa Victoria. Watu wa eneo hilo walikuwa wakitengeneza chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kaboni ndiyo siri yote. Chuma kisicho nayo ya kutosha, hata ukichome hadi Krismasi, hakiwi kigumu.

Kwa Wakipsigis mhunzi ni kitongindet, mtu wa mikuki, shoka na visu. Halafu mwaka 1901 reli ikafika Kisumu, ikipitia Lumbwa, hiyo Kipkelion ya leo. Ghafla chuma kikawa kimelala njiani! Kamishna Charles Eliot alilalamika kuhusu nyaya na boliti kuchukuliwa huku nyanda za juu. Yeye aliona wizi. Mhunzi aliona mgodi. Chuma cha dukani kilipozidi, tanuru za kuyeyusha mawe ya chuma zikazimika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kufua kukabaki. Na kazi ya mhunzi ikageuka: hakutengeneza chuma tena, ilibidi akijue.

Kisha ikaja chai. Kampuni kubwa zilianza kupanda Kericho miaka ya 1920, na mchai lazima ukatwe matawi kila baada ya miaka mitatu au minne. Hiyo kazi inaumbua kisu. Kikiwa butu, kinapasua tawi na ugonjwa unaingia. Kikiwa kigumu kupita kiasi, makali yanameguka. Unahitaji ugumu na ustahimilivu pamoja, na ndiyo maana mafundi wa jua kali wanapenda springi ya lori. Ina kaboni kama asilimia 0.6. Nondo ya ujenzi iko kwa 0.2 hivi, inang'aa vizuri ukiisugua, lakini ni kisu cha picha tu. (Springi iliyozeeka inaweza kuwa na nyufa usizoziona. Ukipata kipande kipya, chukua hicho.)

Sasa moto, mahali wengi wanaharibu. Kwanza pasha springi iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu ipoe polepole, ndiyo tupa iweze kuila. Chonga umbo, lakini usimalize makali. Makali membamba yanapasuka. Pasha tena hadi sumaku isishike, ongeza kidogo, kisha zamisha kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo. Fanya nje, mfuniko wa chuma ukiwa karibu, kwa sababu mafuta yanaweza kuwaka. Springi ukiizamisha kwenye maji, unaweza kusikia "tik", na hiyo tik ni kisu chako kikipasuka. Pitisha tupa: ikiteleza kama kwenye kioo, kimekuwa kigumu.

Hapo usikiguse kwa kazi. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika kama biskuti. Kirudishe kwenye moto mdogo, nyuzi 200 hivi, saa moja au mbili, mara mbili. Hatua hii haina cheche wala drama, hakuna anayeirekodi, na kwangu ndiyo inayotenganisha fundi na msee wa kamera.

Asiye na oveni anatumia macho. Anasugua upande mmoja ung'ae, anausogeza karibu na makaa na kuangalia rangi ikitembea: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Kwa kisu, anasimama kwenye manjano. Bluu ni ya springi, na hapo atakuwa ameirudisha springi kuwa springi.