Kwa nini mbaazi ya Dirma haipandi ndege

Kama umewahi kuagiza mzigo Guangzhou, swali la kwanza la wakala unalijua: "Ndege au meli?" Kwa ndege anakutajia bei ya kilo, na baada ya wiki moja au mbili unaenda kuchukua mzigo wako. Kwa meli anakutajia bei ya CBM, yaani mita moja ya ujazo, halafu anakuambia uvumilie mwezi, mwezi na nusu, pengine zaidi. Wengi wetu tunajibu kwa kuangalia mfuko. Lakini swali hili lina historia ndefu, na mimi napenda kulitazama kutokea mbali kabisa na bahari. Twende Dirma, huko Hanang, mkoani Manyara. Chukulia una gunia la mbaazi kavu pale, na mnunuzi wako yuko India.

Kwa karne nyingi hakukuwa na cha kuchagua. Majahazi ya Arabuni na Gujarat yalifika pwani yetu kwa pepo za kaskazi, kuanzia kama Desemba, na kurudi kwa kusi kuanzia Aprili. Ukichelewa kusi, basi, unasubiri. Meli za mvuke zikaondoa utumwa huo wa upepo, na Mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869, ukafupisha njia ya Ulaya. Ila bandarini bado makuli walibeba gunia moja moja mgongoni, na meli ingeweza kukaa siku nyingi ikipakuliwa tu. Mabadiliko makubwa yalikuja Aprili 1956, Malcolm McLean alipopakia masanduku 58 ya chuma kwenye meli Ideal X na kuyasafirisha kutoka Newark hadi Houston, Marekani. Hilo ndilo kontena unalolijua. La futi 20 lina mita za ujazo kama 33, na likijazwa mbaazi hubeba zaidi ya tani 20.

Ndege ilikuja kwetu na hesabu tofauti. Uwanja wa Kilimanjaro, KIA, ulifunguliwa 1971, na kanda ya kaskazini ikapata mlango wa angani. Ua waridi la Arusha linaweza kukatwa leo na kuuzwa Ulaya siku chache baadaye. Sasa linganisha: Boeing 747 ya mizigo hubeba kama tani 100, yaani mbaazi za makontena manne au matano. Meli kubwa hubeba maelfu ya makontena.

Na ndege haipimi kilo peke yake. Chukua boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Zidisha, unapata 120,000. Gawa kwa 6,000, unapata 20. Hata kama ndani kuna mito ya kulalia yenye kilo 5 tu, utalipia kilo 20, maana nafasi umeimaliza. (Ukiona wakala anakunja nguo zako na kuzikalia ili ziingie boksi dogo, usimcheke. Anakuokolea hela.)

Hanang yenyewe ilishaona hesabu hizi kwa macho. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali kupitia NAFCO, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano: Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengine, yakafika saba, takribani ekari 100,000. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig, nao walikwenda mahakamani kuidai. Hiyo ni makala nyingine kabisa, tena chungu. Hapa fikiria tu kombaini, ile mashine ya kuvunia. Uzito wake ni tani kadhaa, kwa hiyo mahali pake ni melini. Lakini ikikwama katikati ya mavuno kwa kukosa kipuri cha kilo mbili, huku ngano imekauka na ndege waharibifu wako juu yake, nauli ya kukileta kipuri hicho kwa anga ni kitu kidogo ukilinganisha na shamba linalopotea. Mashine ni ileile moja. Kinachobadilika ni thamani ya siku moja ya kusubiri.

Turudi kwenye gunia letu. Tuseme, kwa mfano tu, ndege inadai dola 2 kwa kilo, na kilo ya mbaazi inauzwa chini ya dola 1. Hesabu imeishia hapo. Mbaazi kavu haiozi, itakwenda kwa meli. Wanafunzi wengi hufunga daftari wakifika hapa, na ndipo mimi naona wanakosea, kwa sababu mbaazi haiozi lakini bei yake inaoza. Mbaazi ya kwetu inapendwa India kwa sababu huvunwa kuanzia kama Agosti, wakati mavuno ya huko huanza kuingia sokoni kuelekea Desemba na Januari. Dirisha ni hiyo miezi michache. Toa siku za lori hadi Dar es Salaam, toa foleni ya bandari, toa siku za baharini, uone kinachobaki.

Mwaka 2017 dirisha hilo lilifungwa ghafla. Agosti, mazao yakiwa shambani au ndiyo kwanza yanavunwa, India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Habari ilisafiri kwa sekunde, gunia kwa wiki. Bei ikaporomoka, na mkulima aliyepanda miezi mingi nyuma akabaki na magunia ndani ya nyumba. Ilipofika Mei 2021 ndipo India ikafungua mlango tena.

Usidhani ndege ingekuwa salama zaidi. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull, Iceland, ilitema majivu, anga la Ulaya likafungwa karibu wiki nzima, na Kenya maua yakatupwa kwa matani. Waridi halina hata ile nafasi ya kukaa ndani likisubiri bei.

Siku hizi mbaazi za Manyara huuzwa kwa mnada, kupitia stakabadhi ghalani. Ukipata nafasi ya kuhudhuria mmoja, msikilize mnunuzi anayetaja bei mwezi wa tisa, kisha anayetaja bei mwezi wa kumi na moja. Gunia ni lilelile, ila huyo wa pili ameshaanza kuhesabu siku zilizobaki kufika Desemba.