Sam, Kisenga na vidole vya watu wengine

Basi bwana, Jumamosi iliyopita nilikuwa Feri nakunywa supu ya pweza, nasubiri foleni ya pantoni ipungue nivuke Kigamboni. Mfukoni nilikuwa na flashi niliyotoka kuijaza filamu Kariakoo. Kijana aliyeniwekea alinicheka: "Kaka, Casablanca? Hii hata rangi haina!" Nikamwambia weka tu, hii nampelekea babu.

Baba yake babu alikuwa askari wa KAR, akapigana Bukini, yaani Madagascar, mwaka 1942. Medali yake iko hadi leo kwenye kopo la kahawa huko Kigamboni. Mara ya kwanza kuiona Casablanca nilikuwa chuo, na nilishtuka kugundua kwamba adui wa kwenye filamu ndiye adui wa mzee wetu.

Historia yake ni hivi. Ujerumani ilipoishinda Ufaransa mwaka 1940, serikali ya Wafaransa ilihamia mji wa Vichy na kushirikiana na Hitler. Maeneo kama Morocco na Madagascar yakabaki chini yake. Mei 5, 1942 Waingereza walitua Diego Suarez, wakihofia Wajapani wasije wakaichukua bandari ile. Miezi michache baadaye ikaingizwa brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Tanganyika, Kenya na Nyasaland. Antananarivo ikatekwa Septemba 23, vita ikaendelea kusini, na Novemba 6 watu wa Vichy wakasalimu amri. Siku mbili tu baadaye Wamarekani wakatua Morocco. Novemba 26 Casablanca ikaonyeshwa New York kwa mara ya kwanza. Yote ilipigwa California!

Mwisho wa filamu, Kapteni Renault anaitupa chupa ya maji ya Vichy kwenye ndoo ya taka. Watu hushangilia hapo. Mimi humkumbuka mzee wetu na bunduki yake, maana yeye na wenzake walishaianza kazi hiyo.

Lakini mtu mweusi anayekumbukwa katika filamu nzima ni mmoja, Sam mpiga piano, aliyeigizwa na Dooley Wilson. Wilson alikuwa mpiga ngoma, piano hajui. Sauti ya kuimba ni yake, ila piano unayoisikia ilipigwa na mtu mwingine, yeye akiigiza vidole tu. Wimbo wenyewe, As Time Goes By, ulitungwa mwaka 1931. Filamu ilipovuma watu wakautaka kwenye sahani ya santuri, lakini tangu Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kilikuwa kimegoma kurekodi. Wilson hakuweza kurekodi wake. Makampuni yakatoa upya sahani za 1931, na aliyepata umaarufu wa mauzo ni Rudy Vallee, mzungu ambaye hayumo kwenye filamu!

Na huyo ndiye aliyepewa nafasi nzuri. Lena Horne, aliyeng'ara katika Stormy Weather mwaka 1943, kwenye filamu nyingine nyingi za muziki alipangiwa kuimba peke yake, pembeni ya hadithi. Sababu ni kwamba majumba ya sinema ya kusini mwa Marekani yaweze kumkata bila hadithi kuharibika. Ebu fikiria unaimba huku ukijua kuna mkasi unakusubiri.

Msidhani sisi tulisahaulika. Waingereza nao, vita ikiendelea, walikuja Tanganyika kupiga picha za Men of Two Worlds, iliyotoka mwaka 1946. Shujaa wake ni Mtanganyika, Kisenga, mpiga piano na mtunzi wa muziki anayerudi kutoka London kusaidia kupambana na malale. Aliyemwigiza ni Robert Adams wa Guyana. Muziki wake unaitwa Baraza, umetungwa na Mwingereza Arthur Bliss. Na piano? Ilipigwa na Eileen Joyce, mama wa Kiaustralia. Sam na Kisenga, filamu mbili, na wote wawili vidole vinavyosikika ni vya watu wengine.

Wakati huohuo walikuwepo vijana wetu wanaopiga kwa mikono yao. Fundi Konde wa pwani ya Kenya alikuwa katika kikosi cha burudani cha KAR, akafika India na Burma, akarudi na kurekodi nyimbo za Kiswahili kama Tausi. Ally Sykes wa hapa hapa Dar alikwenda Burma akiwa kijana mdogo, baadaye akapiga muziki, na mwaka 1954 akawa miongoni mwa waasisi wa TANU. Hakuna aliyewatengenezea filamu.

Jioni tuliiangalia na babu kwenye kompyuta yangu. Wimbo wa Sam ulimpendeza. Ilipofika ile chupa ya Vichy nikamweleza, akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa mbona baba hayumo?" Sikuwa na jibu. Nikachukua daftari, nikamwambia babu anza, jina lake kamili nani, na aliondoka nyumbani mwezi gani?

Wadau, kama kwenu kuna kopo kama hilo, lifungueni mapema. Wanaojua kilichomo wanapungua.